Kabla ya Kushika Jik: Maneno ya Dobi kwa Kina Mama Fua

Hotuba mbele ya kikundi cha kina mama wanaofua nguo majumbani, Kisauni, Mombasa. Imenyooshwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Bi mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na nyinyi mabinti mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka nikianza kuchosha: Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Najua wako humu wanaojiuliza mwanamume huyu atawafundisha nini watu waliokulia kwenye karai. Wana haki ya kujiuliza. Mimi ni dobi, nimezeeka nyuma ya meza ya pasi, na tofauti yangu na nyinyi ni moja tu. Nguo inapofika kwangu, mara nyingi huwa imeshawashinda wengine. Mwenyewe amejaribu, mfanyakazi wake amejaribu, shangazi mtu ameleta dawa yake, ndipo mimi nakuja kuitwa. Kwa hiyo nimeona mengi yanayofanyiwa madoa kabla hayajafika kwa fundi, na leo nataka kuwaambia nililoliona: nguo nyingi zinazotupwa hazikuuliwa na doa, ziliuliwa na dawa. Doa la mchuzi lingetoka. Lakini lilimwagiwa maji moto, likasuguliwa kwa burashi ya viatu, likatiwa jik, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, na mwisho likapigwa pasi. Nikiletewa hapo huwa nahukumu tu, siwezi kutibu.

Na kwenu hili ni jambo la unga. Tajiri hakuulizi doa lilitoka wapi. Akiona shati lake lina baka jeupe pale palipokuwa na doa la chai, anakata kwenye pesa za siku, na wako humu waliofua kutwa nzima wakarudi nyumbani na nauli ya matatu peke yake.

Sasa naomba mnisogelee. Mama uliyevaa leso ya buluu, njoo unisaidie, usione haya.

Hiki ni kipande cha shuka ya pamba, nyeupe. Jana usiku nilikidondoshea mchuzi wa biriani nikakiacha kilale. Mnaona manjano imekolea hapa katikati, na huku pembeni kuna pete ya mafuta imetambaa. Kirowanishe kidogo. Sasa kipake sabuni ya kipande, kifikiche. Endelea. Haya, kiinue wenzako wakione.

Mmeguna! Kimekuwa chekundu. Tena wekundu wenyewe si wa mchezo, mtu akikuta hivi kwenye kanzu ya mwenyewe moyo unamruka. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Anaona ameharibu, anakimbilia chupa ya jik, na wasiwasi ukishaingia hakuna kipimo tena.

Tulieni. Ndani ya bizari mna rangi inayoitwa kurkumini. Rangi hii ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya kipande ina asili hiyo, hugeuka nyekundu. Ikikutana na kitu kichachu hurudi manjano. Mama, kamua ndimu hapo juu. Mnaona? Imerudi. Lakini msidanganyike, ndimu haijatoa kitu, imebadilisha rangi tu. Doa lote bado limo humu humu.

Linatokaje? Kwanza mnatoa mafuta, kwa sababu rangi ya bizari imejificha ndani ya mafuta. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache, moja kwa moja juu ya doa likiwa kavu, kabla ya maji. Ipake kwa kidole, iache ikae robo saa hivi. Kisha fua kwa sabuni ya unga kama kawaida, suuza mpaka maji yawe safi. Litabaki lile la manjano. Hilo mwachieni jua. Kurkumini haistahimili jua. Anika nguo ikiwa bado mbichi, upande wenye doa uelekee juu, na ikikauka inyunyizie maji kidogo uirudishe. Jioni utakuta kivuli tu, au hukuti kitu. Likibaki, kesho tena. Kwenye nguo ya rangi uwe mwangalifu, maana jua likila rangi ya bizari laweza kula na ya nguo, hasa zile nyeusi na zile buluu za shule. Hizo zipe jua la saa moja moja huku unachungulia.

Jua hili tunalolilaani kutwa ndilo lililokuwa dawa ya kung'arishia nguo kabla ya viwanda. Ulaya walikuwa wakitandaza vitambaa vya kitani kwenye majani, uwanja mzima, kwa wiki nyingi, ili viwe vyeupe. Ni katika miaka ya 1780 ndipo Mfaransa mmoja, Berthollet, alipoonyesha kwamba klorini yaweza kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na jik iliyoko sokoni leo yatoka katika ukoo huo. Wao jua lao ni la kubahatisha. Sisi tunalo, halina bei.

Nimeitaja jik, basi nimalizane nayo. Sisemi ni mbaya. Hata hiki kipande cha shuka, kwa kuwa ni pamba nyeupe tupu, jik ingekisafisha. Lakini ni nani kati yenu anayepewa pamba nyeupe tupu? Kanzu za siku hizi nyingi ni polista au mchanganyiko, na darizi ya shingoni ni uzi mwingine kabisa. Shati la ofisi lina nyuzi za kuvutika. Sweta ni sufi, yaani manyoya ya kondoo. Jik hula sufi na hariri mpaka zikatoboka, huzifanya nyuzi za kuvutika ziwe manjano na kulegea, na kwenye nguo ya rangi haichagui kati ya rangi ya doa na rangi ya nguo. Mahali pake ni mashuka meupe ya pamba, taulo nyeupe, vitambaa vya jikoni; ndani ya maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kusuuza sana. Kuimimina moja kwa moja juu ya doa ndiko kunakotoboa nguo za watu.

Kisha kuna hili, na hapa naomba hata wanaosinzia waamke. Jik haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Chochote! Nimeona watu wakitia jik, wakaona haitoshi, wakaongeza ndimu au siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na hiyo ndiyo gesi iliyopeperushwa vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, ikaua askari kwenye mahandaki. Wewe uko kwenye bafu la tajiri, dirisha limefungwa, umeinamia beseni. Vivyo hivyo nepi zenye mkojo: suuza kwanza kwa maji matupu, mara mbili, ndipo jik, kwa sababu mkojo uliokaa una amonia, na amonia na jik haviketi pamoja. Ukianza kukohoa na macho kuchoma, acha kila kitu, toka nje, fungua milango. Beseni litakusubiri.

Haya, damu. Sisi sote ni watu wazima, tusione haya. Kuna damu ya pua ya mtoto, kuna ya kidonda, kuna ya hedhi kwenye shuka. Sheria ya damu ni maji baridi. Yai ukilitia kwenye maji moto lafanyaje? Laganda. Damu nayo ina kitu kile kile, protini, na ukiitia maji moto unaipika ndani ya uzi. Maziwa, matapishi ya mtoto na choo chake, yai lenyewe, jasho, vyote ni ndugu wa damu. Maji baridi kwanza, kutokea upande wa nyuma wa kitambaa, ili maji yaisukume damu itoke kulikoingilia, na si kuizamisha zaidi.

Damu iliyokauka inataka subira. Iroweke kwenye maji baridi yenye chumvi, kisha ihamishie kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, pamoja na sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Soma nyuma ya pakiti, nyingi huandika. Vimeng'enya hivyo vinakatakata protini, kazi ile ile vinayofanya tumboni mwetu. Mjerumani Otto Röhm ndiye aliyechukua hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuvitia kwenye sabuni, mwaka 1913, na vyake vilitoka kwenye kongosho la wanyama. Havipendi haraka. Viachie saa kadhaa, au usiku kucha. Havipendi maji ya kuchemka, yanaviua. Na visitiwe kwenye hariri wala sufi, kwa sababu hariri na sufi zenyewe ni protini, vitaanza kuila nguo.

Ikikataa bado, nenda duka la dawa ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ukipewa ya asilimia 6, iongezee maji kiasi chake. Dondoshea kwenye doa. Mtaona povu linafoka: damu yenyewe ndiyo inayoipasua ile dawa ikatoa oksijeni, na oksijeni ndiyo inayofuta rangi. Povu likitulia, futa, dondoshea tena. Kwenye nguo ya rangi jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Hilo la kujaribu pindoni sitalirudia kwa kila dawa, lakini lihesabuni nimelisema kila mara.

Manjano ya kwapani pia yamewatesa wengi. Yale si jasho peke yake. Ni jasho lililokutana na aluminiamu iliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Jik huyazidisha, nimeona mashati meupe yaliyoingia beseni na manjano kidogo yakatoka na manjano ya kukolea. Changanya baking soda, ile ya kuumulia keki, na haidrojeni peroksaidi kidogo iwe uji mzito, paka kwapani, acha nusu saa, fikicha taratibu, fua. Shati lililokaa mwaka mzima hivyo halitarudi jipya kwa siku moja. Mwambie mwenyewe mapema.

Sasa tuje kwenye kutu, maana Mombasa ni mji wa kutu. Hewa ya bahari, matangi ya chuma, mabomba ya zamani, na zaidi ya yote kamba ya kuanikia ambayo si kamba, ni waya. Mtu anafua vizuri, anaanika kwenye waya, jioni anaondoa shati lina mstari wa hudhurungi mabegani. Kesho analitia jik. Mama zangu, jik juu ya kutu ni kuigongomea misumari. Kutu ni chuma, na jik hukifanya chuma kishike zaidi. Kutu inataka uchachu: ndimu na chumvi, juu ya doa, juani, na usiiache ikauke kabisa, ongeza ndimu mpaka uone inapauka. Nusu saa, saa moja. Ndimu ya unga ya dukani, ile ya achari, iliyoyeyushwa kwenye maji moto kidogo, hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu kuliko ndimu mbichi. Kisha suuza sana. Na kama nguo hiyo ilishatiwa jik, isuuzwe kwanza mpaka harufu iishe kabisa, ndipo ndimu. Mmeshaelewa kwa nini. Halafu hiyo waya ibadilishwe, au uivishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na tajiri atakukumbuka kwayo.

Kuna jambo jingine linalotokana na mji wetu. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa. Ndiyo sababu maji ya kisima hukataa povu: chokaa imeshika sabuni ya kipande ikaifanya utando, na utando huo unabaki kwenye nguo. Nguo nyeupe inakuwa ya kijivu, tajiri anadhani hukufua. Ulifua, ni maji. Tumia sabuni ya unga, hiyo haisumbuliwi sana na chokaa, au tia magadi kidogo kwenye maji kabla ya sabuni. Yale yale ya kulainishia maharagwe, yanayotoka Ziwa Magadi, Kajiado. Yayeyushe, acha chembe zitulie chini, tumia maji ya juu. Ila mkumbuke magadi na bizari, msije mkashtuka.

Mabuyu. Nani ana mtoto wa shule hapa? Inueni mikono. Wote! Ile rangi nyekundu ya mabuyu ni rangi ya chakula, nayo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo siku ile ile inatoka kwa maji baridi na sabuni kidogo bila ugomvi. Tatizo ni kwamba mtoto hufuta mikono kwenye shati Jumatatu, na wewe unaiona Ijumaa, baada ya kupigwa pasi mara nne. Hapo roweka kwenye zile poda za oksijeni kama Vanish, kwa maji ya uvuguvugu wa juu kidogo kama lebo inaruhusu, saa kadhaa. Hizo huachia peroksaidi ile ile tuliyoisema, lakini polepole, na ni salama kwa nguo nyingi za rangi. Si kwa sufi wala hariri. Soksi za nailoni zilizonywa mabuyu, mimi huwa naziombea dua.

Mafuta nimeyagusa kwenye biriani. Nitaongeza tu kwamba polista hung'ang'ania mafuta kuliko pamba, na doa la mafuta halionekani nguo ikiwa imelowa. Unaisuuza, unaona imetakata, unaanika, inakauka, doa hilo hapo limekutazama. Kwa hiyo angalia tena kabla ya pasi. Pasi ndiyo muhuri. Doa lolote, la aina yoyote, usilipige pasi mpaka uwe umelimaliza. Mafuta mabichi yaliyomwagika sasa hivi, yawekee poda ya mtoto au unga, yanywe, kisha kung'uta. Grisi ya fundi gari inataka mafuta ya kupikia kwanza yailegeze, kisha sabuni ya vyombo. Na tafadhali, petroli iacheni kwenye matangi ya magari. Mvuke wake hutambaa chini kimyakimya hadi kwenye jiko la jirani, na nguo ni kitu kidogo sana kufia.

Wino wa kalamu, nitaonyesha harakaharaka. Mfuko wa shati, wino umevuja. Usitie maji. Weka kitambaa kikuukuu ndani ya mfuko, chini ya doa. Chukua pamba, ichovye spiriti ya hospitali, gonga kutoka pembeni kuelekea katikati. Gonga, usisugue. Mnaona wino unahamia kwenye kile kitambaa cha chini? Basi kihamishe, sehemu safi ije chini ya doa. Kila ukiona kimelowa wino, kihamishe tena. Watu husahau hapo, wino unatoka kisha unarudi, wanasema spiriti haifai. Ukimaliza, sabuni na maji. Na dirisha liwe wazi, jiko likiwa mbali.

Sasa nije kwa madoa ambayo mtu akikuahidi atayatoa, muulize vizuri.

Utomvu wa mgomba. Ukitoka kwenye mkungu ni maji tu, huoni kitu, kisha hewa inaugeuza, unakuwa hudhurungi, kisha mweusi. Ukiuwahi mbichi kwa spiriti, na sabuni nyingi baada yake, una bahati. Ukishakuwa mweusi, utaupunguza, hutaumaliza. Maji ya ganda la dafu ni vivyo hivyo: yanaingia bila rangi, kesho yana rangi. Wanaobeba ndizi na wanaofua madafu huvaa shati moja la kazi, na hiyo ndiyo dawa wanayoiamini. Fenesi ni tofauti: ulimbo wake hauogopi maji hata kidogo, lakini mafuta ya kupikia huulegeza ukatoka kwa kukwangua, kisha unabaki na doa la mafuta tu, nalo mmeshajua la kufanya.

Hina nayo. Rangi yake hushikana na protini, ndiyo maana hukaa kwenye ngozi na nywele, na ndiyo maana kwenye hariri na sufi haitoki. Pamba huivumilia zaidi: ikiwa bado tope, ikwangue kwa kisu butu, usiisambaze, maji baridi, sabuni, na peroksaidi kama nguo ni nyeupe. Piko nyeusi ni rangi ya nywele, ikishakolea kwenye shuka, shuka hiyo iwe ya kulalia siku za harusi. Kawa la masika, vile vidoa vyeusi kwenye nguo iliyokunjwa mbichi, ni kuvu hai wanaokula kitambaa, na hupenda zaidi nguo iliyotiwa wanga, kwa hiyo kanzu na kofia msizihifadhi na wanga wake mpaka Idi ijayo. Kwenye pamba nyeupe jik huliondoa. Kwenye nguo ya rangi poda ya oksijeni na jua, na matarajio ya wastani.

Leso mpya hazihitaji hotuba, nyinyi ndio walimu wangu. Ila likitokea la kutokea, shati jeupe likanywa rangi ya leso, lisikauke. Lirudishe majini hapo hapo. Rangi iliyohamia ikiwa bado imelowa hutoka kwa sabuni na maji mapya mawili matatu. Ikikauka ni kesi nyingine.

Mtajuaje nguo ni ya kitambaa gani? Lebo. Pembetatu tupu inaruhusu dawa ya kung'arishia yoyote. Pembetatu yenye mistari miwili ya kulala upande inaruhusu ile ya oksijeni peke yake. Iliyopigwa alama ya kukata, hakuna. Duara ni ya kupelekwa kwa dobi wa kusafisha kwa dawa bila maji, msiiguse. Pasi yenye nukta moja ni joto la chini, nukta tatu ni la juu. Lebo ikiwa imekatwa, na za mitumba mara nyingi zimefutika, chomoa uzi mfupi kwenye mshono wa ndani, uchome kwa kiberiti nje ya nyumba. Harufu ya karatasi inayoungua ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu ni polista au nailoni. Harufu ya nywele ni sufi au hariri, na hapo rudisha chupa zote kabatini, baki na sabuni laini na maji baridi.

Naona bi mwenyekiti anatazama saa. La mwisho ni la mlangoni, kabla hujagusa maji. Unapopokea nguo, zipitie moja moja mbele ya mwenyewe. Kola, kwapa, pindo la mikono, mbele ya suruali, mfukoni. Ukiona doa, mwonyeshe, na umuulize ni la nini na limekaa tangu lini. Swali hilo ni nusu ya kazi. Mtu akikwambia ni chai ya juzi, una njia. Akikwambia hajui, basi anza na maji baridi na sabuni ya vyombo, ambavyo haviharibu kitu, ndipo upande kwenye dawa kali zaidi. Muulize pia kama limeshatiwa dawa. Halafu mwambie wazi: nitajaribu, siahidi. Kama anataka utumie jik, aseme yeye kwa kinywa chake, na kama kuna mtu wa tatu asikie. Ukitaka, piga picha kwa simu. Tajiri mwema hatakasirika. Asiyetaka umwonyeshe doa kabla ya kufua, huyo tangu mwanzo alishapanga nani atalilipia, na nguo zake mrudishie zikiwa kavu.

Haya, nimesema mno. Nimeona mifuko chini ya viti, mmekuja na nguo. Zitoeni tuzipeleke uani, zile za bizari zitangulie maana jua limeanza kushuka. Na yule aliyekuja na kanzu ya hariri, uniite pembeni kabla mtu hajaitia maji.